Mtunzi ni mtu, si kibao cha studio

Mwandishi, katika makala yako faida za kusajili kazi za sanaa umezieleza vizuri. Ila kuna jambo linalotuumiza wengi: jina gani liandikwe kwenye fomu?

Mimi nachora picha za vitabu vya watoto. Michoro yangu ya kwanza niliiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa jina la studio, lile lililokuwa kwenye kibao na mhuri. Studio tulikuwa wawili, na kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara, jina lilisajiliwa kwa wote wawili. Tulipoachana, mwenzangu akaiuza michoro ya sungura na fisi kwa mchapishaji. Mimi niliyekesha na penseli nikabaki kupekua makaratasi chini ya kitanda, natafuta rasimu za kuthibitisha kwamba mkono ule ni wangu.

Jina la biashara si mtu mbele ya sheria, ni wewe mwenyewe umevaa koti jingine. Kampuni ndiyo mtu anayejitegemea na inaweza kumiliki haki, lakini mtunzi hubaki binadamu, na haki zikihamishwa ziwe na maandishi na saini. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki huzaliwa pale kazi inapotungwa, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Cheti ni ushahidi tu. Kikiwa na jina lenye utata, utawatesa mpaka wanao.

Wasanii wenzangu, kwenye nafasi ya mtunzi andikeni jina kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. La studio lifuate. Na rasimu msizitupe.