Filamu ya shule: Kisa hicho ni cha nani?

Simu ni ya mama, lakini siku hizi mwenye kazi nayo ni binti. Wanafunzi sita wa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa mjini Nakuru wanapanga filamu fupi, wakiota kuifikisha kwenye tamasha za kitaifa za drama na filamu. Kwa kuwa shuleni simu haziruhusiwi, mipango yote ya kundi hupitia kwenye WhatsApp za wazazi.

Jumatano usiku mama alifungua ujumbe akidhani ni wa chama. Akakuta mswada wa kurasa 12: msichana anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, wenzake wanamcheka, kisha anajaribu kujitoa uhai. Mama alikitambua kisa. Kilimpata muhula uliopita msichana anayeketi dawati moja na binti yake.

Wapo wazazi ambao wangefuta ujumbe na kupiga filamu marufuku, na wapo ambao wangesema hayo ni ya walimu. Yeye alingoja asubuhi, chai ikichemka.

"Mwenyewe anajua?"

"Tumebadilisha jina, Mama."

"Na nyanya yake anayeuza sukuma wiki pale stejini, naye mmembadilisha?"

Binti hakujibu.

Kupanga filamu huanzia hapo, kabla ya kamera na kabla ya kugawana kazi. Jina jipya halimfichi mtu kwa wanaomjua, na anaweza kuumizwa upya akiona siku yake mbaya zaidi ikiigizwa mbele ya shule nzima. Kumwuliza nako kuna namna yake: faraghani, na mtu mmoja anayemwamini, si kundi zima likimzunguka wakati wa mapumziko. Akikataa, basi. Asibembelezwe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu na maigizo kuhusu suala la kujitoa uhai. Unashauri kwamba tendo lenyewe na njia iliyotumika visionyeshwe. Kinachofaa kuonyeshwa ni jinsi msaada unavyopatikana na jinsi marafiki na jamaa wanavyoweza kumsaidia mtu. Unawakumbuka pia wanaoigiza, jambo ambalo makundi ya shule husahau. Msichana anayeigiza tukio la huzuni hulirudia pengine mara kumi kwa siku moja, kwa sababu jogoo amewika, stima imepotea au mtu amecheka. Watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo huelemewa nayo, sembuse mtoto wa miaka 16. Wazazi huuliza sana kuhusu bando na nauli. Waulize pia nani anaigiza nini, na usiku wa siku hiyo wakae naye kidogo.

Kundi likidai kwamba bila tukio lile hakuna filamu, litazame Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoelekezwa na Likarion Wainaina. Mtoto anayesimuliwa ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, lakini macho ya mtazamaji hubaki kwa wanakijiji wanavyohangaika kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Mengine ni hesabu tu. Ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa 12 ni mzigo kwa watoto wenye simu ya kuazima na wikendi mbili. Wapige picha mchana. Vijana wa umri huo huhitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na anayehariri video hadi saa nane za usiku hazipati. Mwishoni mwa filamu iwekwe nambari 116, simu ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya. Mzazi naye aihifadhi.

Ijumaa binti alizungumza na mwenzake wakielekea nyumbani. Alikataa kisa chake kitumike, na wawili katika kundi wakanuna kwa kupoteza kazi ya wiki nzima. Sasa wanaandika kuhusu msichana anayeona rafiki yake ameanza kukaa peke yake, na asijue aanze vipi kumwuliza. Watakutana Jumamosi saa nane, sebuleni kwa mama huyo. Wameambiwa waje na kurasa tano.