Sabule na Nyumba Nzima

Katika toleo lililopita la gazeti hili, kaka mmoja aliyesoma hapa zamani, na ambaye sasa anafanya kazi Ulaya, alitusimulia habari za nyumba aliyoikodi kwa siku nne katika mji wa Venice, Italia. Alisimulia vizuri sana. Ilikuwa orofa ya pili ya jumba la kale. Dari ina boriti nene, sakafu imesuguliwa hata yang'aa kama maji, na madirisha marefu yanaelekea mfereji ambamo mashua hupita mchana kutwa. Ufunguo aliutoa mwenyewe katika kisanduku cha chuma ukutani, baada ya kubonyeza tarakimu alizoletewa kwa simu. Siku zote nne hakumwona mwenye nyumba, wala hakumwamkia jirani hata mmoja, na jambo hilo alilisifu kuliko yote. Mwisho akawashauri wenzake wenye nyumba Malaba, Busia na Tororo wafanye vivyo hivyo: waachane na wapangaji wa mwezi, wapangishe kwa usiku.

Kwa heshima yote impasayo mtu aliyetutangulia, napinga shauri lake.

Kaka yetu hakuuliza kwa nini hakukuwa na jirani wa kumwamkia. Mwaka 1951 watu waliokaa katika mji wa kale wa Venice walipata 175,000. Mwaka 2022 hesabu yao ilishuka chini ya 50,000. Karibu na daraja la Rialto lipo duka la dawa ambalo tangu 2008 limeweka dirishani kibao cha taa chenye idadi ya wenyeji waliobaki, na wapita njia huitazama ikipungua. Mwaka 2023 watu wanaofuatia mambo hayo walihesabu wakaona vitanda vya wageni vimewazidi wenyeji. Si nyumba za kukodi peke yake zilizowaondoa. Mafuriko, ughali wa maisha na uchache wa kazi vilikuwapo pia. Walakini mwenye nyumba akiona kwamba wageni wa wiki moja humpa kodi ya mwezi mzima ya mwenyeji, hawezi kukaa sana bila kutamani. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mgeni amekuja, na mwenyeji amehama.

Wako watakaosema hayo ni ya Ulaya. Siyo. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Katika miji hiyo miwili nyumba nyingi za mawe zimekuwa hoteli au nyumba za kukodi, na huko Shela, mwendo mfupi kutoka Lamu, nyingi zimenunuliwa na watu wa Ulaya wanaokuja kuzikalia siku chache tu za mwaka.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikaa Lamu miaka mingi, naye ndiye aliyetuchorea ubaoni namna nyumba hizo zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazifiki mbali, vyumba ni vyembamba, kiasi cha mita tatu, ila ni virefu. Mlangoni pana daka lenye mabaraza ya mawe ambapo watu huketi na kuzungumza, na chumba cha ndani kabisa hupambwa kwa zidaka ukutani. Lakini kilichonishika mimi ni chumba kiitwacho sabule. Hicho ni chumba cha mgeni, karibu na mlango, aghalabu chenye njia yake, ili mgeni aingie na kutoka bila kupita walipo watu wa nyumbani. Wafanya biashara waliokuja kwa pepo za kaskazi walingoja kusi wapate kurudi kwao, na kungoja huko kulikuwa kwa miezi. Mwenye nyumba aliwapa sabule. Hakuwapa nyumba.

Basi tusiambiwe kwamba kumlaza mgeni ni elimu mpya iliyotoka Ulaya na simu. Pwani waliijua zamani, tena waliijua pamoja na mipaka yake. Mgeni wa sabule alikuwa na mwenyeji wa kumwambia karibu, na wa kumwonya pia akikosa adabu. Mgeni wa kisanduku cha chuma ana nani?

Yafaa niseme haki. Nyumba ya matumbawe hutaka kupakwa chokaa tena na tena, na mafundi wake ni wachache. Sisi tunaokaa jirani na kiwanda cha saruji cha Tororo twafikiri saruji hutibu kila ufa. Kumbe ukiipaka juu ya ukuta kama huo, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza polepole. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, na wengi walioingia hawakuwa na fedha za kutengeneza, hata nyumba kadhaa zikaanguka. Jumba la Beit al-Ajaib lenyewe, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu moja tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo fedha za wageni zimesimamisha kuta ambazo zingekuwa kifusi, nami silikani hilo. Lakini mwaka huo huo wa 2020, korona ilipozuia safari, nyumba iliyotegemea wageni watupu ilibaki na vitanda vitupu, na mwenye wapangaji wake alikuwa angalau na mtu wa kudai kodi.

Sasa nije kwetu. Malaba ni bandari isiyo na bahari. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba husimama hapo, na dereva hungoja karatasi zake kama yule mfanya biashara alivyongoja kusi. Apaswa kulala mahali. Dada yangu ni muuguzi, naye alipanga chumba kimoja Malaba kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, nami nilikaa kwake wakati wa likizo. Mwaka jana mwenye nyumba aliwaambia wapangaji wote watoke katika muda wa wiki mbili. Leo chumba kile kina vitanda viwili, na hulipiwa 15,000 kwa usiku. Hesabu haihitaji mwalimu: usiku sita humpa zaidi ya mwezi wetu. Walitoka walimu wawili wa shule ya msingi, fundi cherehani, na mama mmoja mjane aliyepika chapati mlangoni asubuhi. Uani kule sasa hakuna ajuaye jina la mwenzake. Dada yangu hukaa mbali, na akiwa na zamu ya alfajiri huondoka kwa bodaboda saa kumi usiku.

Najua jibu: mali ni ya mwenyewe. Huko Barcelona mwezi wa Juni 2024 meya alitangaza kwamba vibali vya nyumba 10,101 za watalii havitafanywa upya, ili ifikapo Novemba 2028 zirudi kwa wakazi. Siombi sheria ya namna hiyo hapa. Hapa kwetu ingeishia mfukoni mwa mkaguzi. Naomba kwa wanafunzi wa zamani wenyewe, ambao wengi wao ndio wanaojenga kando ya barabara ile.

Kaka yetu alituandikia kwamba anajenga vyumba kumi na viwili. Vitatu vya mbele, vinavyotazama barabara, avitie vitanda vya madereva kwa bei yoyote watakayopatana. Tisa vya nyuma awape kwa mwezi walimu, wauguzi na mafundi, na mmoja wao amlipe kidogo ashike funguo za vile vitatu, ili dereva afikaye usiku wa manane apate mtu wa kumfungulia na kumwonyesha maji yaliko. Dada yangu, ikiwa kaka atapenda kujua, yu tayari kulipa miezi mitatu mbele.