USALAMA WA WAPIMAJI NI USALAMA WETU SOTE



Wenzetu wa Mountain View wajua kwamba ukifuata barabara ya Waiyaki kuelekea juu, hukawii kufika Kabete. Huko, katika maabara ya mifugo, ndiko Homa ya Bonde la Ufa ilikotambuliwa. Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, na mwaka 1931 mabwana Daubney, Hudson na Garnham wakatangaza kwamba chanzo chake ni kirusi. Lakini wachungaji waliugua pia, na hata wapimaji wenyewe.

Siku zile damu ya mnyama mgonjwa ilipitishwa katika chujio linalozuia bakteria, kisha akadungwa kondoo mzima, watu wakangoja. Leo kiko kipimo cha kutafuta kingamwili, na kiko kipimo cha PCR kinachozidisha kipande cha urithi wa kirusi mpaka kionekane, na jibu hupatikana kwa saa chache. Ugonjwa huu ulipozuka Garissa mwishoni mwa mwaka 2006, damu ilipimwa na KEMRI hapa hapa Nairobi.

Twafurahia maendeleo hayo. Lakini mashine haifungui chupa. Kabla dawa haijaua kirusi, yuko mtu anayepokea sanduku, yuko anayemimina damu, na yuko anayeosha sakafu na kubeba taka. Hao hukutana na hatari kabla ya daktari yeyote.

Waajiri wengine watasema vifaa ni ghali. Twawajibu hivi: mfanyakazi mwenye hofu hufanya haraka, na kipimo kilichoharakishwa hudanganya. Jibu la uongo likitoka, nyama yenye ugonjwa itafika sokoni, nayo haitachagua nyumba ya tajiri wala ya maskini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Tena yataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kwa hiyo twataka mambo matatu: glovu, barakoa na mafunzo kwa wote, hata mfagiaji na dereva, kila ajali ya sindano au chupa iandikwe siku ile ile, na wafanyakazi wachague wenyewe wajumbe wao katika kamati.

Ndugu, ulizeni kazini kwenu: kamati iko wapi? Kama haipo, leteni habari katika tawi lenu.