Nyumba ya Majina Mawili: Biarusi, Uliza Kabla Hujatia Saini



Habari za mahari, hina na ukumbi tunaulizana sana. Nyumba haiulizwi. Na wako maharusi wetu wanaoolewa na waume walioko Uingereza, wakifika huko wakanunua nyumba kwa jasho la wote wawili, na biarusi akatia saini pale anapoonyeshwa kidole.

Sheria ya huko ina namna mbili za kumiliki kwa pamoja. Ya kwanza, nyumba ni yenu nyote bila mafungu: mmoja akifa, aliyebaki anaichukua yote, na wosia wa marehemu hauigusi. Ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na akifa fungu hilo linagawiwa kama alivyousia.

Sisi tunaegemea ya pili, pamoja na wosia ulioandikwa kwa kufuata faraidhi. Mume akifa na ana watoto, Qur'ani inampa mke thumni (Annisaa, aya ya 12), na mama mzazi wa marehemu ana sudusi yake. Namna ya kwanza inawaruka mama na watoto wote. Tunajua mtasema: basi mjane atolewe nje na thumni mkononi? Laa. Nusu yake ni mali yake, haiingii kwenye mirathi. Thumni inahesabiwa katika nusu ya mume. Na mume anayetaka kumwachia mkewe zaidi, ampe hiba angali hai, maana hakuna wosia kwa mrithi ila wenzake waridhie.

Mashaka huja pale walioandikisha namna ya kwanza wanapotaka kuivunja, aghalabu ndoa ikiwa inayumba. Sheria ya mwaka 1925 inamruhusu mmoja kuivunja kwa kumpelekea mwenzake ilani ya maandishi, bila kungoja ridhaa yake. Yapo yaliyotokea katika kesi ya Kinch na Bullard. Mke alikuwa na maradhi yasiyopona, anadai talaka, akapeleka ilani kwa posta ili nusu yake isije ikabaki kwa mume. Barua ikafika nyumbani, lakini mume alipata shtuko la moyo kabla hajaiona. Hesabu ikageuka: sasa huenda yeye mke ndiye atakayebaki. Akaichukua barua akaiharibu. Mume akafariki, na baadaye mke naye. Mwaka 1998 mahakama ikaamua kwamba barua iliyokwisha kufika mlangoni imeshafanya kazi yake, isomwe isisomwe. Nusu ya mume ikabaki katika mali yake mume.

Subhanallah, wote wawili wako kaburini na warithi wao wanagombania bahasha!

Basi aliyekwisha kutia saini, aitoe hati leo aangalie nyumba iliandikishwa vipi. Mkitaka kubadilisha, kaeni mzungumze mkiwa mnaelewana, andikeni, kila mtu abaki na nakala yake, na ofisi ya usajili wa ardhi ya huko ijulishwe.

Na wewe ambaye posa yako ndiyo kwanza imejibiwa, mwambie baba au kaka anayekusimamia aliulize hilo pamoja na mahari.