Sauti imekauka mwezi mzima? Tangawizi haitoshi!

Wiki hii nina ugomvi na watu wa tangawizi. Mtu sauti inakwaruza mwezi wa pili sasa, ukimuuliza anakwambia, "Aah, mafua tu," huku anatafuna tangawizi kama muhogo. Na akina kaka wengine ndiyo kwanza wanaringa, eti wamepata bezi!

Sikilizeni jamani. Kooni tuna nyuzi mbili za sauti. Ukiongea, hewa inapita katikati na nyuzi zinagongana, kwa mwanamume mara 100 na ushee kwa sekunde moja, kwa mwanamke karibu 200. Zikivimba, au zisipofunga sawasawa, sauti ndiyo inayotoa siri.

Mchukulie konda wa daladala, mwalimu au mnadi mitumba. Asubuhi afadhali, jioni sauti kwisha. Huyo mara nyingi nyuzi zimeota sugu kwa kelele za kila siku. Apumzishe koo, anywe maji, na afundishwe kuongea bila kujikamua.

Shabiki aliyeshangilia goli sauti ikakata palepale, huenda mshipa umepasuka kwenye uzi. Anyamaze, amwone daktari. Mwanamuziki Adele naye nyuzi zilivuja damu mwaka 2011, akafuta ziara, akapasuliwa huko Boston, Marekani. Februari 2012 alirudi jukwaani kwenye Grammy na akaondoka na tuzo 6.

Kuna sauti ya pumzi tupu, tena mtu akinywa maji yanampalia. Hapo huenda uzi mmoja umepooza.

Na wewe mvuta sigara ambaye sauti inazidi kukwaruza na mafua huna, usilete mchezo. Saratani ya nyuzi za sauti huanza hivyohivyo, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Ikichelewa, mtu anaweza kuondolewa koromeo lote.

Ila usijipe ugonjwa kwa kusikiliza tu. Daktari wa masikio, pua na koo ana mpira mwembamba wenye kamera, anaupitisha puani na kuziona nyuzi zenyewe. Wiki 4 zikipita bila nafuu, nenda. Ukitema damu, ukivimba shingo au pumzi ikibana, nenda leoleo.

Tangawizi tuiachie chai. Tukutane wiki ijayo!