Mji wa Gede kwenye kompyuta: waliolala nyumba za udongo wasiachwe nje

Julai 2024, UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Gede, hapa Kaunti ya Kilifi, katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Tulifurahi, na tulistahiki kufurahi. Lakini sifa ya aina hii huja na wageni wake, na siku hizi wageni hao hubeba mitambo. Magofu hupimwa, huchorwa upya kwenye kompyuta, kisha mtu huvaa miwani maalumu akajiona anatembea mjini kama ulivyokuwa miaka 600 iliyopita. Mimi naliona ni jambo la kheri. Likifanywa kwa pupa, hata hivyo, litawafuta watu wetu mara ya pili.

Kazi hii si ngeni Uswahilini. Chuo Kikuu cha Cape Town kina mradi ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, na jina lake wamelitoa kwetu: Zamani. Wataalamu wake wamepima kwa miale ya leza Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Lamu. Mtambo hurusha mwale, ukagonga ukuta na kurudi, na kila mgongano huwa nukta moja. Nukta zikifika mamilioni, ukuta mzima huonekana kwenye kompyuta, hadi ufa wake.

Faida yake haina ubishi. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib kule Unguja iliporomoka. Jengo lililopimwa sawasawa likianguka, fundi ana vipimo vya kuanzia. Lisilopimwa huachwa kwa picha na masimulizi ya wazee.

Shida inaanzia hapa: kupima ukuta uliosimama ni kazi moja, na kurudisha maisha ya mji ni kazi nyingine. Mwale wa leza hugonga kilichopo tu. Kilichopo Gede ni mawe: Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, visima, kuta za mji, na makaburi ya nguzo, likiwemo kaburi lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Lakini wakazi wengi hawakulala katika nyumba za mawe. Walijenga kwa fito, udongo na makuti, na nyumba zao zimerudi mchangani zilikotoka.

Anayetembea Gede leo huona msitu mkubwa katikati ya magofu. Miti ile ilishika nafasi baada ya mji kuhamwa katika karne ya 17. Mchoraji akichukua mawe na kuyazungushia miti, atakuwa amebuni mji ambao haukuwapo: majumba machache ya matajiri yaliyojengwa porini. Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Kompyuta inaweza kuusahau kabisa, na ikafanya hivyo kwa picha nzuri mno.

Hata majina yana mtego. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gede mwaka 1948, alizipa nyumba majina ya vitu alivyovikuta ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kaure, nyumba ya sanduku la pembe. Ni majina ya mchimbaji. Yakiandikwa mlangoni mwa nyumba ndani ya programu, bila maelezo, mtoto wa shule ataamini ndivyo majirani walivyoziita.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu kwa miaka mingi tuliambiwa miji hii ililetwa na wageni kutoka ng'ambo. Udongo ndio uliotoa jibu. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya awali iliyojengwa kwa miti na udongo, ya zamani kabisa ikiwa ya karne ya nane. Mji ulikua hapo hapo kutokana na kijiji cha wenyeji, na mawe yalifuata baadaye. Kwa hiyo anayeonyesha mawe peke yake anairudisha ile hadithi ya zamani kwa mlango wa nyuma, hata kama hakukusudia.

Wala asituambie mtu kwamba haiwezekani. Songo Mnara, watafiti Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher na wenzao walipima ardhi bila kuifukua, wakachunguza kemikali za udongo, na wakapata dalili za nyumba za udongo mahali palipodhaniwa kuwa patupu. Huko Marekani, chuo kikuu cha jimbo la North Carolina kiliunda upya uwanja wa kanisa la St Paul's la London, pamoja na sauti ya hotuba ya John Donne ya Novemba 5, 1622, na msikilizaji anaweza kubadili mahali aliposimama na wingi wa watu. Kwa njia hiyo hiyo tungeweza kuuliza: adhana ya Msikiti Mkuu wa Gede ilisikika hadi wapi? Iliwafikia waliolala pembezoni, karibu na ukuta wa nje?

Basi wataalamu watakapokuja, iwe wameletwa na Makavazi ya Kitaifa, kaunti au wafadhili, tuwaulize mambo manne kabla hawajafungua masanduku yao. Kwanza, mtazamaji atatofautishaje kilichopimwa na kilichokisiwa? Kuta ziwe na rangi moja na makisio rangi nyingine. Pili, fundi wa makuti na mchoma chokaa watalipwa kama wataalamu, au watapigwa picha tu? Tatu, wazee wa vijiji jirani, ambao kwao Gede ni mahali penye wenyewe wasioonekana, watasikilizwa kabla ya kuchora au baada ya kuzindua? Nne, nakala kamili ya data itawekwa wapi? Mimi nasema iwekwe hapa, kwenye makavazi ya Gede na katika Chuo Kikuu cha Pwani, ili wanafunzi wetu waweze kuifungua na kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Tusipouliza mapema, tutauziwa tiketi ya kuingia katika mji wa mababu zetu, na nyumba zao hatutaziona humo.