Matokeo ya Mtihani Yasiwavunje Moyo Vijana

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, nyumba nyingi za Unguja na Pemba hujaa shangwe, na nyingine huingiwa na simanzi. Leo tunasema na hizo za pili.

Kijana aliyekosa alama za kumwingiza Chuo Kikuu hakutenda kosa la jinai. Wazazi wanaomsimanga kwa kumtajia mtoto wa jirani wanamwongezea jeraha. Kujikwaa si kuanguka. Anaweza kurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kusoma stashahada na, akifaulu vyema, kuendelea na shahada. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji navyo hufundisha ufundi wenye manufaa. Subira ni ibada, lakini subira bila ya jitihada haimfikishi mtu popote.

Hata hivyo, lawama zisiishie kwa mtoto. Elimu bila ya malipo ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964 ili mtoto wa mkulima na wa mvuvi naye asome. Skuli isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia haina haki ya kumlaumu mwanafunzi aliyeanguka Fizikia.

Kwa hiyo wahusika wasiridhike na orodha ya waliofaulu. Waisome na ya walioanguka, skuli kwa skuli, na kurekebisha kilichopungua. Masheha na maofisa wa elimu nao wawafuate vijana hao majumbani, wawaeleze njia zilizobaki, kabla hawajakata tamaa.